AAS ni karatasi ya kufa? Jibu kwa dada wa Dayton anayesomea unesi

"Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Dayton, Ohio tangu 2017, tulitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ila kwetu ni Fizi, Congo. Green card ninayo. Usiku nafanya kazi ya STNA, msaidizi wa manesi, kwenye nyumba ya wazee, mchana nasoma chuo cha miaka miwili, nimefikisha krediti 38 ila 12 ni za Kiingereza, zile za ESL. Kwenye karatasi yangu wameandika AAS Nursing. Binamu yangu wa Houston anasema AAS ni karatasi ya kufa, haihamishiki popote, na vyuo hivi ni vya watu walioshindwa, heri niache niende yunivasiti nianze bachela upya. Halafu kuna shule ya binafsi inanipigia simu inasema kwao hakuna foleni, naanza mwezi ujao. Semista inaanza Agosti, nimeshajiandikisha Anatomia. Na mdogo wangu wa kiume yuko darasa la 11, anataka mambo ya kompyuta, yeye aanzie wapi? Sitaki kupoteza miaka."

Dada yangu, kwanza pole na usiku. Hiyo zamu naijua, mtu anatoka saa moja asubuhi mgongo umekufa halafu saa tatu yuko darasani anaambiwa ataje mifupa ya mkono. Na asante kwa kuandika kirefu, wengi wananiuliza "nisome nini" basi, mi nabaki kukisia.

Nikuambie mapema kabla sijazunguka: usiache chuo. AAS ni digrii ya chuo cha miaka miwili, chini nitakueleza ni ya aina gani. Binamu yako kuna kitu kakisikia na ni cha kweli kabisa, ila kakiweka mahali pasipo pake, na ukimfuata leo utapoteza hiyohiyo miaka unayoilinda.

Sisi tuliotoka kwetu tunakuja na ramani ya kwetu kichwani na hapo ndo tunapotea. Tanzania mtu mwenye stashahada akitaka digrii, ile stashahada inamfungulia mlango tu, akishaingia mara nyingi anaanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto wa Form Six. Congo ya zamani ilikuwa graduat miaka mitatu, halafu licence miwili juu yake. Kwa hiyo binamu akisikia "miaka miwili" anaona nusu shule. Marekani hawahesabu miaka, wanahesabu krediti, yaani vipimo vya masomo uliyofaulu. Asosiati, ile digrii ya chuo cha miaka miwili, ni kama krediti 60, bachela ni kama 120, na zile 60 za mwanzo unaweza kuzisoma kwenye chuo cha miaka miwili kwa bei ya chini halafu ukazibeba mgongoni kwenda kumalizia yunivasiti. Cheti cha bachela kinatolewa na pale ulipomalizia, hakiandiki ulianzia wapi.

Na hili la "walioshindwa" tulimalize hapahapa. Sinclair, chuo cha miaka miwili cha hapo mjini kwenu, ilianza 1887 kama madarasa ya jioni ya YMCA kwa watu wanaofanya kazi mchana. Joliet kule Illinois, chuo cha jamii (community college, ndo hivi vya miaka miwili) cha umma kikongwe kuliko vyote ambavyo bado vipo, ni cha 1901. Vyuo hivi vilijengwa kwa ajili ya mtu kama wewe, mwenye kazi na watoto, siyo kwa ajili ya mtu aliyeshindwa. Mkazi wa kaunti yenu ya Montgomery analipa hata chini ya mtu wa kaunti nyingine kwa sababu wenye nyumba wa kaunti hiyo wanakatwa kodi kukisaidia chuo. Kama mnapanga nyumba, hiyo kodi ya serikali imo kwenye pango lenu la kila mwezi, kwa hiyo kitumieni bila aibu.

Ila sitakuficha. Takwimu za nchi nzima hazipendezi: katika kila wanafunzi 100 wanaoanza vyuo hivi, kama theluthi moja tu ndo wanahamia yunivasiti, na wanaofika mpaka kupata bachela ndani ya miaka sita ni kama 16. Hawa wengine siyo wajinga. Wengi walivuja katikati ya njia, na tundu kubwa mojawapo ni krediti. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali, GAO, ilitoa ripoti ikasema mwanafunzi anayehama chuo anapoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zake. Karibu nusu! Hebu fikiria umebeba magunia kumi ya muhogo unafika sokoni una sita.

Zinapoteaje? Hapa nataka uelewe vizuri kwa sababu ukielewa hapa mengine yote ni rahisi. Watu wanadhani krediti ni kama pesa, ukiwa nayo unayo. We umeishi upande wa Fizi na Uvira, unajua dola iliyochanika kidogo pembeni, hata tundu la sindano tu, mfanyabiashara anaikataa. Ni dola ya kweli, Amerika ingepokelewa bila neno, lakini yeye haitaki na huna wa kumshtaki. Krediti ndo hivyo. Thamani yake anaiamua anayepokea, siyo aliyekupa.

Na kupokea kwenyewe kuna hatua mbili, watu wanaijua ya kwanza tu. Yunivasiti inaweza kukuambia "tumepokea krediti zako zote 60", ukafurahi ukapiga simu nyumbani, kumbe kati ya hizo 25 wamezitupa kwenye kapu la masomo ya ziada ambayo digrii yako haiyahitaji. Zimepokelewa, hazijahesabiwa. Nilishawahi kukaa na kijana ana krediti 71 na bado amebakiza miaka mitatu, alikuwa analia, na kila mtu aliyemhudumia njiani hakumdanganya, walimjibu tu swali alilouliza, naye alikuwa anauliza "mnapokea?" badala ya kuuliza "zinaingia wapi kwenye digrii hii?" Hilo swali la pili liandike mkononi.

Sasa karatasi zenyewe. Chuo cha miaka miwili kinatoa asosiati za aina tatu kubwa. AA ni ya sanaa na mambo ya jamii, AS ni ya sayansi na biashara, na hizi mbili zimeshonwa kwa ajili ya kuhamia. Ndani yake kuna masomo ya jumla, Kiingereza cha kuandika, hisabati, sayansi, historia na kadhalika, yaleyale ambayo mtoto wa yunivasiti anayasoma miaka yake ya mwanzo. Hapa Ohio kuna mpango wa serikali unaitwa Ohio Transfer 36, ni fungu la angalau krediti 36 za masomo hayo ya jumla ambazo chuo chochote cha umma ndani ya Ohio kinalazimika kuzipokea kutoka kingine na kuzihesabu. Juu yake kuna Ohio Guaranteed Transfer Pathways, hizo zinakupa ramani ya somo kwa somo kutoka asosiati mpaka bachela kwa fani fulani. Hizo ahadi ni za vyuo vya umma vya Ohio. Ukivuka kwenda Indiana au Texas kwa binamu, au ukienda chuo cha binafsi, hazikufuati, hapo unategemea mkataba wa chuo na chuo kama upo.

AAS ni ya tatu, ile A ya pili inasimama kwa "applied", yaani ya kazi. Hii imeshonwa kumtoa mtu chuoni aende kazini: fundi wa viyoyozi, mtu wa X-ray, zimamoto, msaidizi wa mwanasheria. Masomo mengi ni ya ufundi, ya jumla ni machache, na yunivasiti nyingi zikiona hayo ya ufundi zinasema haya kwetu hayapo. Hapa ndo binamu yako yuko sahihi. Mtu mwenye AAS ya kawaida akitaka bachela anaweza kujikuta anarudi nyuma mwaka mzima na zaidi.

Ila unesi ni mtoto tofauti kwenye familia hiyo, na hili binamu hakulijua.

Njia ya nesi Marekani inapita kwenye mtihani mmoja, NCLEX-RN. Aliyetoka na AAS ya unesi anafanya mtihani huo, aliyetoka na bachela ya unesi, ile BSN, anafanya huohuo, na wote wakifaulu wanaitwa RN, yaani nesi aliyesajiliwa, leseni moja. Halafu kwa sababu nchi hii ina manesi wengi sana waliopita njia ya asosiati, yunivasiti zimetengeneza programu ya pekee ya kuwamalizia, inaitwa RN to BSN. Hazikuulizi somo moja moja la wodini, zinaangalia una leseni ya RN, zinachukua mafunzo yako ya unesi kama fungu zima, halafu zinakuongezea mara nyingi kama krediti 30, mambo ya utafiti, uongozi, afya ya jamii. Nyingi ni za mtandaoni, mtu anamaliza mwaka mmoja au mmoja na nusu huku anafanya kazi. Na hapo unafanya kazi kwa mshahara wa RN, siyo wa STNA, na hospitali kubwa nyingi zina mfuko wa kumlipia nesi wao masomo hayo.

Kwa hiyo AAS yako haijafa. Lakini sikuambii kwamba BSN haina maana, la. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza manesi asilimia 80 wawe na bachela ifikapo 2020, na tangu hapo hospitali kubwa zinapenda BSN, nyingine zinaajiri wa asosiati kwa masharti kwamba amalize bachela ndani ya miaka kadhaa. New York wameifanya sheria kabisa tangu 2017, nesi mpya apate bachela ndani ya miaka 10. Ohio haina sheria hiyo. Kama ndoto yako ni ICU ya hospitali kubwa au kuwa nurse practitioner, nesi wa ngazi ya juu anayetibu, baadaye, BSN utaihitaji. Swali ni uipate lini na kwa pesa ya nani.

Sasa kuna swali hukuniuliza na mi ndo linanisumbua zaidi. Je, umeshaingia programu ya unesi kweli? Uliandika "kwenye karatasi yangu wameandika AAS Nursing" na kwamba Agosti unaanza Anatomia. Mtu aliyeshaingia programu kwa kawaida Anatomia kaimaliza au yuko ndani ya wodi tayari. Nahofia we bado uko nje ya geti. Chuo cha jamii kinapokea kila mtu, lakini programu ya unesi ndani yake haipokei kila mtu, ina nafasi za kuhesabu kwa sababu kila mwanafunzi anahitaji nafasi ya mafunzo hospitalini na mwalimu wa kumsimamia. Kuandikwa Nursing kwenye mfumo kunaonyesha nia tu, siyo nafasi. Kuna maombi ya pili, yana tarehe zake, yana kiwango cha chini cha GPA, yaani wastani wa alama zako, masomo ya sayansi yenye alama walau C, vyuo vingi vinataka mtihani wa kuingilia unaoitwa TEAS. Nenda ukaulize kwa maneno haya: "Nimepokelewa kwenye programu, au mimi ni pre-nursing?" yaani bado najiandaa kuomba. Nimeona watu wamekaa miaka miwili wanajiita wanafunzi wa unesi na hawajawahi kujaza hiyo fomu.

Kama bado uko nje, sayansi zako ndo tiketi yako, na ziangalie kwa makini. Usichukue somo kwa sababu jina lake linafanana. Kuna Anatomia na Fiziolojia ya semista moja ya utangulizi na kuna ile ya semista mbili, ya kwanza na ya pili, na BSN nyingi zinataka hiyo ya mbili. Angalia jina na namba. Na sayansi zinachacha kama maziwa: programu nyingi zinataka uwe umezisoma ndani ya miaka mitano au saba iliyopita, kwa hiyo usiisome Kemia leo halafu ukakaa.

Tulinganishe basi. Ukibaki kwenye AAS na ukaingia programu, una njia fupi ya kufika mshahara wa RN na deni dogo au hakuna, halafu bachela juu yake. Ubaya wake ni foleni ya kuingia, na ile "miaka miwili" siyo miwili, ukihesabu masomo ya kutangulia ni mitatu au zaidi kwa mtu mwenye watoto. Ukigeuza kwenda AS ili uhamie BSN ya yunivasiti, utasoma masomo ya jumla mengi zaidi, utapata digrii moja kwa moja, lakini ujue kule nako kuna geti lilelile, nafasi nyingi za BSN wamewapa watoto walioingia tangu mwaka wa kwanza, wanaohamia wanagombania zilizobaki, na klinikali, yale mafunzo ya hospitalini, za mchana zitaua kazi yako. Ukikataliwa huko baada ya kuhama unabaki na krediti nyingi, ada ya yunivasiti, na huna leseni yoyote. Kwa hali yako, mi ningebaki AAS. Ungekuwa na miaka 18 unalala kwa mama ningekuambia vingine.

Njia ya katikati ipo, LPN, nesi wa ngazi ya chini ya RN, kama mwaka mmoja wa mafunzo, mtihani wake ni NCLEX-PN, mshahara unapanda juu ya STNA halafu kuna daraja la LPN kwenda RN. Siyo mbaya kwa mwenye watoto. Shida yake ni kwamba wengi wakishaonja ule mshahara wanakaa hapo miaka kumi.

Hii shule inayokupigia simu, sasa. Chuo kizuri cha unesi hakihangaiki kutafuta wanafunzi kwa simu, kinahangaika kuwakataa. Sisemi wote ni wezi, kuna vya binafsi vizuri, Dayton hiyohiyo vipo. Lakini kabla hujasaini chochote waulize mambo manne na wajibu kwa maandishi. Programu imeidhinishwa na Ohio Board of Nursing? Ina ithibati ya ACEN au CCNE? Wahitimu wao wangapi kwa mia wanafaulu NCLEX mara ya kwanza, na hili bodi inalitangaza, usikubali la mdomo. Na bei yote mpaka mwisho ni dola ngapi, siyo ya semista. Ya tano nakuongezea mimi: nipe jina la yunivasiti ya umma Ohio inayopokea wahitimu wenu kwenye RN to BSN. Wakianza kusema "usijali dada, mkopo unalipa yote", beba mkoba wako.

Pesa. Una green card kwa hiyo FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, inakuhusu, na FAFSA ni bure, nasema hivi kwa sababu kuna watu kwenye jamii zetu wanatoza dola mia kuijaza. Pell Grant, ruzuku ya serikali, kwa mwaka wa masomo 2025–26 ilifika dola 7,395 na hairudishwi. Lakini haina umri wa milele, unapewa ya semista 12 za kusoma full-time maisha yako yote, na zile semista za ESL ulizolipiwa na Pell zimo kwenye hesabu hiyo. Ingia studentaid.gov uangalie asilimia uliyotumia, mwisho wake ni 600. Kuanza upya yunivasiti kama binamu anavyotaka kunaila Pell kabla hujafika mwisho.

Na kuna mtego mwingine kimya kimya unaitwa SAP, yaani kipimo cha maendeleo yako ya masomo. Ili uendelee kupata msaada wa serikali lazima uwe na GPA ya kama 2.0, umalize kama theluthi mbili ya krediti unazojaribu, na usizidishe asilimia 150 ya urefu wa programu. Yaani digrii ya krediti 60 ukishajaribu 90 hujamaliza, pesa inakatwa. Somo uliloliacha katikati ukapewa W linahesabiwa kama umejaribu. Ukibadilisha fani, yale ya zamani mara nyingi bado yamo. Ndo maana nasema usigeuze geuze. Ukikatwa kuna rufaa, na mama aliyeuguza mtoto au kubadilishiwa zamu ana sababu ya kuandika, lakini ni bora usifike huko.

Hizo 12 za ESL usizililie. Hazitahesabika kwenye digrii, ni kweli, kwa hiyo una 26 zinazotembea. Lakini zimekuleta mpaka kusoma Anatomia kwa Kiingereza, na NCLEX hawana Kiswahili.

Mdogo wako yuko mahali pazuri kuliko wote, sema hajui. Ohio ina mpango wa College Credit Plus, mwanafunzi wa darasa la 7 mpaka la 12 anasoma masomo ya chuo akiwa bado shule, na kwa shule ya umma akienda chuo cha umma ada na vitabu ni bure kwa familia. Darasa la 12 lote linaweza kumuacha na krediti kadhaa mfukoni. Kuna tarehe ya kuijulisha shule kwamba anataka, aende kwa mshauri wa shule (counselor) wiki hii asingoje. Onyo moja tu: alama anazopata zinaandikwa kwenye transkripti, karatasi ya alama, ya chuo maisha yote, akipata F akiwa na miaka 17 itamfuata mpaka maombi ya master.

Na yeye ndo hasa maneno ya binamu yanamhusu. Kompyuta chuo cha miaka miwili ina AAS za kazi, usalama wa mitandao, ufundi wa mtandao, nzuri kwa anayetaka ajira haraka, na ina AS ya kuhamia. Akitaka bachela ya Computer Science achukue AS na aangalie hisabati. Somo la Takwimu (Statistics) linakubalika kama hisabati kwenye Ohio Transfer 36, litapokelewa chuo chochote cha umma Ohio, lakini digrii ya Computer Science inataka Calculus, kwa hiyo ile takwimu imepokelewa na hesabu anaanza mwanzo. Hicho ndo kile kitu nilichokuambia juu, kupokelewa na kuhesabiwa. Hapo Dayton aulize njia ya pamoja ya Sinclair na Wright State, na kama familia inapenda University of Dayton, kuna UD Sinclair Academy, unajiunga ukiwa bado Sinclair na unafungiwa bei mapema. Ajiunge mwanzoni, siyo akishamaliza. Na achunguze masomo kwenye Transferology, ni bure, anaingiza somo anaona kila chuo kinalipokeaje.

Haya mimi naongea kwa mbali, sijaona transkripti yako, kwa hiyo kuna mambo lazima ukae na mtu ana kwa ana. Nenda kwa mshauri wa masomo wa idara ya unesi, siyo yule wa jumla wa dirishani, umwombe akutolee ile ripoti ya degree audit inayoonyesha kila somo limeingia wapi. Omba mkalimani kama unahitaji, siyo aibu, na usimpeleke mtoto wa miaka 10 akutafsirie mambo ya pesa. Halafu, na hii wengi hawafanyi, piga simu au nenda kwenye yunivasiti unayofikiria kumalizia RN to BSN, sasa hivi kabla hata hujawa nesi, waambie wakuonyeshe mkataba wao na chuo chako na wa mwaka gani, kwa sababu mikataba hii inabadilika na katalogi, kitabu cha masomo na masharti ya chuo, ya mwaka ulioanza ndo inakulinda mradi hujakatiza masomo. Jibu la mdomo ligeuze barua pepe: "Asante kwa leo, nimeelewa kwamba..." akijibu ndiyo, hifadhi. Kama una kesi yoyote mahakamani hata ndogo, muone mwanasheria kabla, leseni ya nesi inataka alama za vidole na ukaguzi wa rekodi zako za uhalifu, BCI ya Ohio na FBI. Na kama umeshapata barua ya SAP, usingoje Agosti, nenda ofisi ya msaada wa fedha kesho.

Anatomia usiiache. AAS inaitaka, BSN inaitaka, hata kwa LPN itakusaidia, ni somo pekee kwenye ratiba yako ambalo halikosei njia yoyote. Thibitisha tu ile namba kwamba ni ya semista mbili, na umwombe bosi wako zamu mbili za usiku zipungue mpaka mtihani wa kwanza upite, maana ule wa mifupa huwa unaangusha watu.